Tuanze na Dada

Jumapili, 3 Mei

Baba,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja. Nakuambia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni nikisema. Nikiinama kufunga kamba za viatu, naacha kuona.

Si kizunguzungu. Ni kama mtu amevuta pazia la kijivu mbele ya macho yangu, halafu kabla sijamaliza kuogopa analifungua tena, na kila kitu kiko palepale: kamba, kiatu, sakafu. Lilianza muhula uliopita. Mwanzoni lilikuja mara mojamoja. Sasa ni kila asubuhi, na juzi lilinikuta maktaba nilipoinama kutafuta kitabu kwenye rafu ya chini. Nikabaki nimeinama vilevile, nimeshika rafu. Mkutubi alidhani nasali, akapita kwa kunyata.

Tafadhali usimwambie Mama. Ana ya kumtosha. Mdogo wangu Bosi ana zamu yake ya kupimwa macho tarehe 14. Anaendelea vizuri, na tangu apasuliwe kichwa amezidi kuwa bosi: akitaka maji hasemi, ananyoosha kidole tu, na sisi sote tunakimbia. Nimesoma tena kile kijitabu tulichopewa hospitalini. Kinasema fuvu la mtoto huzaliwa likiwa vipande, na kati ya vipande kuna mishono iliyoachwa wazi ili ubongo upate nafasi ya kukua. Mishono ya Bosi ilijifunga mapema, ndiyo maana wakamfungua. Lakini hata baada ya upasuaji ubongo unaweza kubanwa tena polepole, bila mtoto kulia, na mahali pa kwanza pa kuonekana hilo ni nyuma ya jicho. Kwa hiyo lazima aangaliwe macho kila baada ya miezi michache, hata akiwa anakula na kucheka.

Mama bado hawezi kumshika kichwa. Tangu aone ule mstari wa nyuzi kutoka sikio hadi sikio, mikono yake hutetemeka akikikaribia. Kwa hiyo mshikaji ni mimi. Nitakosa vipindi viwili vya hisabati. Sitavilia.

Bwana Kesho ameapa kwamba lori lake litakufikishia barua hii kesho. Ukiipata wiki hii, ujue amewahi.

Mwanao,
Karani


Bwawani, Jumamosi, 9 Mei

Karani wangu,

Marahaba. Barua imefika, na Bwana Kesho ameileta kwa kulitendea haki jina lake. Ilikuwa imekunjwa ndani ya kofia yake, kwa hiyo ukiona nakujibu kwa harufu ya dizeli usishangae.

Hapa maji yamepanda. Asubuhi na jioni nashuka ngazi hadi kwenye ile nguzo yenye vipimo, nasoma, naandika, napanda. Spana, fundi wetu wa mitambo, huja nyuma yangu kuhakikisha. Anasema hawezi kumwachia mtu wa jicho moja bwawa zima. Anakusalimu, na anauliza kama Bosi anaajiri, kwa sababu huku amechoka kuamrishwa na mashine.

Sasa hilo pazia lako. Usiogope, mwanangu. Nalijua. Nami nilikuwa nalo nilipokuwa na umri kama wako, au mdogo kidogo. Nikiinama kuokota mpira, giza, nikisimama, mwanga. Bibi yako alisema ni mwili unaorefuka kuliko chakula. Likaisha lenyewe. Kula kitu asubuhi kabla hujatoka, inuka polepole, na uache kusoma kitandani kwa taa ya simu. Sijamwambia Mama, kama ulivyoomba. Siri ya mtoto si ya kuuza.

Na ukitaka ushahidi kwamba babako anajua mambo ya macho, kumbuka fainali ya shule. Mwaka huohuo. Dakika ya mwisho, mpira umepigwa kama risasi, mimi golini, nimeuzuia kwa jicho. Jicho la kushoto likaenda, kombe likaja. Jicho moja kwa kombe moja, sijawahi kudai chenji. Kwa hiyo mimi niliyebaki na moja nakuambia: yako mawili ni mazima.

Mshike Bosi vizuri. Mwambie Mama nampenda, lakini usilisome hili kwa sauti mbele ya majirani.

Babako


Alhamisi, 14 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe maandishi haya makubwa kama ya darasa la kwanza. Nimetiwa matone machoni na bado sioni vitu vya karibu, naandika kwa kukisia mistari ilipo. Sijawahi kukaa mchana mzima bila kusoma. Nimejaribu hata pakiti ya chumvi, nimeshindwa.

Bosi ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unalolingoja. Daktari amesema mshipa wa kuonea nyuma ya macho yake una ukingo uliochorwa vizuri, kama sarafu mpya. Sasa kaa chini.

Unamkumbuka Daktari wa Tochi, yule mama mfupi anayevaa taa kwenye paji la uso kama mchimba madini. Tulipoingia tu, Bosi aliitambua ile taa. "Apana! Apana taa!" Nikamviringisha shuka kama nilivyofundishwa, mikono ndani, nikampakata. Akachomoa mguu mmoja akampiga muuguzi wa matone tumboni.

"Ala! Huyu ni mtoto au ni punda?" muuguzi akasema, anajishika tumbo.

Daktari akacheka. "Haya, Bosi, umeshinda. Leo hatuanzi na wewe. Tuanze na dada. Mama, unaruhusu? Watoto humwamini dada kuliko daktari. Akiona dada hajafa, atakubali."

"Mtieni tu," Mama akasema. "Huyo hana neno."

Kwanza wakanisimamisha mbele ya ubao wa herufi, ili Bosi aone ni mchezo. Nilisoma zote. Nilipofika mstari wa mwisho nikaendelea, nikasoma na yale maandishi madogo kabisa ya pembeni yanayoeleza ubao ulichapishwa na nani. Muuguzi akasogea akayatazama. "Miaka yote hii, sikujua hapa pameandikwa kitu." Bosi akapiga makofi kupitia shuka. Nakuambia haya, Baba, ili ujue kwamba nilikuwa naona. Mpaka sasa sielewi nilikuwaje naona.

Kisha matone. Yanachoma kidogo, halafu mdomoni unasikia uchungu. Tukakaa kwenye benchi la ukumbini, mimi na Bosi, mpaka mboni zetu zikawa pana kama za paka gizani. Tukarudi ndani. Daktari akazima taa ya chumba, akawasha yake, akaniinua kope, akashika kioo kidogo mbele ya jicho langu.

"Ona, Bosi! Dada anaangalia dirisha. Dada anaangalia mlango. Sasa dada anaangalia..."

Hakumalizia. Nilikuwa naangalia juu, nikingoja aniambie niangalie nini. Akahamia jicho la pili. Akarudi la kwanza. Nilisikia pumzi yake imesimama.

"Daktari," Mama akasema, "mgonjwa ni huyu hapa." Alisema kwa upole sana, kama mtu anayemwonyesha mhudumu kwamba ameleta chai kwenye meza isiyo yake.

"Najua, Mama. Nipe dakika."

Akaenda chumba cha pili akarudi na daktari mwingine, mzee mwenye suruali iliyopandishwa hadi karibu na kifua. Naye akaangalia. Yule mzee aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akaondoka. Ndipo daktari alipowasha taa ya chumba na kuvuta kiti hadi magoti yake yakagusana na ya Mama.

Alisema mshipa wa kuonea hutoka kwenye ubongo na kuingia nyuma ya jicho, na ukiangalia kwa kioo unaona kichwa chake, duara lenye ukingo. Wangu hauna ukingo. Umefura, macho yote mawili. Alisema huenda nimezaliwa hivyo, wapo watu ambao mishipa yao huonekana imevimba na hawana lolote. Au huenda kitu fulani ndani ya kichwa kinasukuma.

"Nilileta mgonjwa mmoja," Mama akasema. Daktari akaendelea kueleza, na Mama akasema tena, hamwambii mtu, "Nilileta mmoja."

Daktari akanipapasa kichwa chote kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Akasema kwa nje hakina kasoro. Halafu akaniuliza maswali, akaandika kila jibu.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo, nikiamka."

"Unasikia mvumo masikioni?"

"Hapana."

"Ukiinama, au ukisimama ghafla, macho yanaingia giza?"

Baba, nilimtazama Mama. Alikuwa amemshika Bosi mguu, mguu tu, kwa mikono yote miwili. Na wewe ulikuwa umeshasema linaisha lenyewe. Nikasema hapana.

Daktari akanitazama kidogo, kisha akaandika. Akasema basi, kwa kuwa naona vizuri na sina dalili nyingine, watapiga picha ya nyuma ya macho, na nirudi tarehe 28 wailinganishe na nyingine. Kama mshipa haujabadilika, ndivyo nilivyoumbwa. Mwishoni akamuuliza Mama kama kuna mtu kwenye familia, upande wowote, aliyepoteza macho utotoni.

"Hakuna," Mama akasema. "Ila baba yao, jicho moja. Lakini huyo alipigwa na mpira."

"Palikuwa na jeraha?"

Mama hakujua. Mimi pia sijui, nami hadithi hiyo naweza kuisema nikiwa usingizini. Daktari akasema, "Muulizeni."

Kwa hiyo nakuuliza. Jicho lilitoka damu? Lilivimba? Lilikaa muda gani kabla halijaacha kuona?

Tangu turudi Mama amefua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mwanao,
Karani


Bwawani, Ijumaa, 15 Mei

Karani,

Haya ni maneno machache tu, lori limekuja leo na linashuka kesho alfajiri. Sijapata habari za zamu ya Bosi, nadhani barua yako na hii yangu zitapishana njiani kama watu wanaodaiana.

Nimewaza sana kuhusu lile pazia lako, na suluhisho nimelipata nikiwa kwenye ngazi za bwawa. Nimemwagiza Bwana Kesho, akipita sokoni, akununulie viatu vya shule visivyo na kamba. Vya kutumbukiza mguu tu. Usipoinama, pazia litaingilia wapi? Spana anasema babako angekuwa mhandisi kama dunia ingekuwa na haki.

Vikibana, mwambie Bwana Kesho avibadilishe. Usikubali akuambie kesho.

Babako


Bwawani, Jumatano, 20 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya tarehe 14 nimeisoma sasa hivi. Bwana Kesho nimemzuia hapohapo barazani, injini inaunguruma, anaondoka na jibu. Kwa hiyo nisamehe nikichanganya.

Umeniuliza kama jicho lilitoka damu. Nilitaka kukuandikia ndiyo. Hadithi ile nimeisimulia miaka mingi, kila mwaka mpira unaongezeka kasi, na mahali fulani kwenye hadithi damu lazima iwepo. Lakini niliketi hapa kwenye ngazi, nikafumba jicho langu zima, nikajilazimisha kukumbuka mechi yenyewe badala ya hadithi.

Mpira haukupigwa kama risasi. Ulipigwa polepole, kutoka upande wa kushoto, mtoto yeyote angeudaka. Beki wangu alipiga kelele: "Kushoto! Kushoto!" Nakumbuka nilijiuliza anapigia kelele nini, mbona kushoto hakuna kitu. Nilikuwa nimesimama naangalia mbele. Ukanigonga shavuni, ukaruka nje, tukashinda, wakanibeba. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na uvimbe, hata kope halikubadilika rangi. Jioni nyumbani walinizunguka, mtu akaniambia fumba la kulia tuone, nikafumba, na pote pakawa giza. Wakasema ni mpira. Nami nikasema ni mpira. Ningesema nini, nami ni mtoto na wamenibeba mabegani?

Karani, mpira haukunipofusha. Mpira ulinipiga kwa sababu sikuuona.

Nimeandika sentensi hiyo, kisha nimeweka kalamu chini. Spana amekuja kuniuliza kama nimefiwa. Umri huu wote nimelisifia jicho hili. Hakuna aliyewahi kuniangalia nyuma ya jicho kwa kioo, wala mimi sikuwahi kuwaza kwamba kuna cha kuangaliwa huko.

Na lile pazia. Nilikuambia liliisha lenyewe. Sasa naelewa liliishaje. Upande wa kulia lilifunguka, sijui kwa nini, Mungu anajua. Upande wa kushoto lilishuka siku moja likabaki limeshuka, na kwa kuwa lilikaa palepale nikadhani limeondoka. Hicho ndicho nilichokuambia ungoje. Mimi, babako, nilikuambia ule asubuhi na uinuke polepole. Nilikununulia viatu.

Hapa kazini mlango wa maji ukikwama na maji yanapanda, hatukai kusubiri tarehe tuliyopangiwa. Maji yakikosa njia husukuma palipo laini.

Siri yako naivunja. Ukimaliza kusoma hapa mwambie Mama, leo, kabla hujavua sare. Kisha mwambie daktari lile neno ulilomnyima. Usingoje tarehe 28. Usiningoje mimi: mbadala wangu anatafutwa, nikimkabidhi vipimo nashuka. Najua wewe ni mtu wa kusema kwa kalamu, na kwamba kusimama mbele ya watu na kufungua mdomo ni kama kuvuliwa nguo. Vuka hilo mara moja tu.

Na usiniandikie unavyojisikia, sitaweza kuyasoma. Niandikie ulichofanya.

Babako


Wodini, Jumatano, 27 Mei

Baba,

Shikamoo. Wameniambia mbadala wako amepatikana na unashuka Ijumaa. Upasuaji ni kesho asubuhi, kwa hiyo utanikuta nimeshafungwa bandeji kama yai lililopasuka. Bwana Kesho anapandisha barua hii leo. Mama alimshika ukosi wa shati, akamwambia akichelewa safari hii atabadilishiwa jina, na jipya halitatamkika mbele ya watoto.

Picha ya kichwa imepigwa. Daktari wa upasuaji aliibandika kwenye kioo chenye taa, akatuonyesha fuvu langu kwa ndani. Kwa nje ni laini. Kwa ndani limejaa mabonyeo, kila mahali, kama unga uliokandwa ukaachwa na alama za vidole. Ni ubongo wangu, Baba. Umekuwa ukisukuma ukuta kwa miaka bila mtu kusikia. Mishono yangu nayo ilijifunga, ila ilijifunga yote pamoja, kwa hiyo kichwa hakikupinda upande kama cha Bosi. Kilionekana kizuri tu. Mama aliitazama ile picha muda mrefu, kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakisuka kila Jumapili."

Watanitanulia fuvu, kama walivyomfanyia yeye. Kuhusu macho, wamepima upya kwa mashine ya vitone vya mwanga, unabonyeza kitufe kila ukiona kimoja. Jicho la kulia lina kila kitu. La kushoto limepoteza kipande kidogo pembeni, upande wa sikio, na hicho hakirudi. Nilikuwa sijakigundua. Nilimuuliza daktari kama nitaweza kusoma. Akasema kilichopo leo ndicho wanachopigania kibaki. Amesema pia kwamba ukifika anataka kukuona wewe, macho yote mawili, hata hilo la kombe.

Uliniambia nikuandikie nilichofanya. Nilifanya hivi.

Barua yako niliipata Alhamisi mchana, getini pa shule. Bwana Kesho aliileta mwenyewe na hakufanya mzaha wowote. Niliisoma nimesimama. Nilipofika kwenye mpira nilikaa chini ukingoni mwa barabara, na nilipokaa pazia likashuka. Safari hii lilichelewa kufunguka. Nilisikia wenzangu wakipita, nikasikia mmoja akisema, "Mwacheni, anasoma." Nilikuwa nimeshika karatasi mbele ya uso wangu na sioni karatasi.

Lilipofunguka nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anamlisha Bosi. Nilikuwa nimepanga namna ya kusema, nimeipanga njia nzima, yenye utangulizi. Nikasema, "Mama, nikiinama sioni." Kijiko kikabaki hewani. Bosi akafungua mdomo akangoja, akafunga.

"Tangu lini?"

"Muhula uliopita."

"Na daktari alikuuliza."

"Nilisema hapana."

Nilingoja anikaripie. Alikiweka kijiko chini, akamfuta Bosi mdomo, akamfunga mgongoni, akachukua ufunguo. Tulipokuwa tunavuka barabara akasema: "Ulidhani mimi ni wa kubeba mtoto mmoja tu?"

Kliniki ilikuwa inakaribia kufunga. Mama mmoja wa dirisha la mapokezi alikuwa amekwisha kupanga mafaili. "Huna zamu leo," akasema. "Zamu yako ni tarehe 28."

Mama akafungua mdomo. Nikamshika mkono. Benchi zote zilikuwa zimejaa, akina mama na watoto, wote wananitazama kwa sababu hawakuwa na kingine cha kutazama. Unajua shuleni nikiitwa kujibu sauti yangu hufika dawati la mbele tu. Nilisogea mpaka pua yangu ikagusa kioo cha dirisha.

"Wiki iliyopita daktari aliniuliza kama macho yanaingia giza nikiinama," nikasema. "Nikasema hapana. Si kweli. Yanaingia giza kila siku. Leo yamechelewa kurudi. Baba yangu alipofuka jicho akiwa na umri kama wangu na hakupigwa na mpira."

Hiyo ya mpira hakuna aliyeielewa, lakini nilishaisema. Mama wa dirishani hakuandika chochote. Aliinuka, akaacha mafaili wazi, akaenda ndani akiwa anakimbia, na mimi sikujua kwamba mtu mnene namna ile anaweza kukimbia.

Daktari wa Tochi alitoka akiwa amevaa mkoba begani, tayari kwenda nyumbani. Akaurudisha mkoba. Ndani, Bosi alipoiona ile taa alianza kujipinda mgongoni kwa Mama, kisha akanyoosha kidole kwangu. "Dada," akasema. "Dada!" Alikuwa anakumbusha utaratibu.

Muuguzi akanitia matone. Daktari akaniambia nikae kwenye ile mashine ya kuwekea kidevu, akasema kichwa kisitikisike hata kidogo. Nilikuwa natetemeka mwili mzima, nikasema nahitaji mtu wa kunishika. Mshikaji wa familia ni mimi, Baba, na huwezi kujishika mwenyewe.

Mama akamfungua Bosi mgongoni, akamkabidhi muuguzi, akaja akasimama nyuma yangu. Akaweka mikono yake miwili kwenye kichwa changu, moja kila upande, juu ya masikio. Haikutetemeka.

Nikaweka kidevu, nikafungua macho yote mawili, nikaangalia mahali nilipoambiwa.

Mwanao,
Karani